Bi Mwana Kupona binti Msham: Mama Aliyeacha Wasia



Kila mwaka kijitabu cha harambee ya chama chetu hutenga kurasa chache kwa ajili ya mtu mmoja wa kwetu aliyetutangulia mbele ya haki. Mwaka huu mfuko wa elimu umeelekezwa kwa wasichana. Kwa hiyo sisi wa kamati tuliona hapana anayestahili kurasa hizi kuliko Bi Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate aliyeolewa Siyu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake tunalijua sote. Wengi wetu tulilisikia kwa bibi zetu kabla ya kulikuta katika vitabu vya shule. Lakini kulijua jina si kuyajua maisha, na tumegundua kwamba vijana wetu wengi waliozaliwa Mombasa na Nairobi wanadhani Mwana Kupona ni jina la shairi tu. Basi tuwaeleze kwamba alikuwa mtu, aliishi kwetu, aliuguza mwili wake kwetu, na kazi aliyoifanya ni ile ile ambayo leo shule zetu zinamtafutia mwalimu na hazimpati: kumkalisha msichana chini na kumpa nasaha.

Pate na Siyu za wakati wake

Bi Mwana Kupona alizaliwa mji wa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Inakadiriwa ni mwaka 1810 hivi. Pate ya wakati huo ilikuwa imeshaanza kuteremka. Enzi ya masultani wa Kinabahani ilikuwa imepungua nguvu, na yeye akiwa bado mtoto mdogo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa pale Shela. Baada ya vita hivyo Lamu ilijitia chini ya himaya ya Sayyid Said wa Oman, na tangu hapo mkono wa Sayyid Said ukawa unajongea visiwani mwetu mwaka baada ya mwaka.

Siyu nayo ilikuwa katika wakati wake mzuri. Leo mgeni akiingia Siyu kwa mashua maji yakijaa, akapita kati ya mikoko hadi chini ya ngome, huona mji mdogo uliotulia. Mji huu ulikuwa wa mafundi na wanazuoni. Viatu vya ngozi vya Siyu, milango ya kuchonga na panga zake vilijulikana pwani yote. Zaidi ya hayo, Siyu ilikuwa mji wa kalamu. Misahafu ilinakiliwa kwa mkono mjini humo katika karne ya 18 na ya 19, ikapambwa kwa wino wa rangi, na nakala zake zilizosalia hivi leo zinachunguzwa na wataalamu wa nchi za mbali. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila ya kalamu ya Siyu na Pate pasingekuwa na habari ya kuandika katika kurasa hizi.

Mke wa Bwana Mataka

Bi Mwana Kupona aliolewa na Sheikh Muhammad Ishaq bin Mbarak, wa ukoo wa Famau, mtawala wa Siyu. Watu wanamjua zaidi kwa jina la Bwana Mataka. Yeye alikuwa mke wake wa mwisho. Walijaaliwa watoto wawili, mwana wa kiume, Muhammad, na binti, Mwana Hashima.

Haikuwa nyumba ya raha na starehe. Bwana Mataka alikataa kuitoa Siyu kwa Sayyid Said, na miaka mingi ya utawala wake ilikuwa miaka ya vita au ya kungojea vita. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said alituma jeshi kubwa. Likashindwa, na kiongozi wake, Amir Hamad, akauawa. Habari hizi wazee wetu wamezipokea kama sifa ya mji, na ni sifa kweli. Lakini tukumbuke pia kwamba mkuu wa vita ana nyumba, na ndani ya nyumba kuna mke anayelea watoto huku hajui kama mumewe atarudi. Bi Mwana Kupona alilea katika hali hiyo.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mwaka huo huo Sayyid Said naye alifariki akiwa safarini baharini. Wapinzani wawili waliondoka duniani mwaka mmoja, ila ugomvi haukuondoka nao. Wana wa Bwana Mataka waliurithi, Sayyid Majid naye akaurithi kwa baba yake, na katika miaka ya 1860 Siyu ikaingia chini ya Zanzibar.

Bi Mwana Kupona alibaki mjane, na binti yake bado kijana. Mji haukujua kesho yake. Kisha yakamshika maradhi.

Mwaka wa maradhi

Alipewa jina la Kupona, lakini maradhi yale hayakumwachia. Yeye mwenyewe anaeleza katika utendi wake kwamba alikuwa ameuguwa mwaka mzima, na katika muda wote huo hakupata nafasi ya kumpa mwanawe neno jema. Hapo ndipo alipoamua. Ilikuwa mwaka 1858, yaani 1275 wa Hijria.

Tunaomba msomaji auangalie kwa makini mwanzo wa utendi huo, maana ndani yake mna jambo linalopitwa upesi. Mama anamwita binti yake amsogelee na kukaa karibu naye. Anamwambia aje na wino na karatasi. Anamwambia aanze kuandika kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha amtaje Mtume na masahaba zake. Maana yake ni kwamba Mwana Hashima alijua kuandika.

Miaka zaidi ya 160 iliyopita, katika kisiwa chetu, palikuwa na msichana aliyeweza kuchukua kalamu na kuandika maneno ya mama yake katika herufi za Kiarabu, kwa lugha yetu wenyewe, beti baada ya beti. Mtu alimfundisha. Sisi tulikulia katika maneno ya kwamba kusomesha mtoto wa kike ni jambo lililoletwa juzi na serikali. Utendi huu unatuonyesha kwamba katika nyumba za wazee wetu, angalau zile zenye uwezo, lilikuwa jambo la kawaida kiasi cha mama mgonjwa kulitegemea.

Wasia wenyewe

Utendi una beti 102. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vinalingana kwa vina, na cha nne hufunga kwa kina kimoja kinachokwenda toka mwanzo mpaka mwisho. Hatutauandika hapa. Wenye nakala nyumbani wanazo, na wasio nazo wanaweza kuwauliza mama zao. Tutaeleza tu ulivyopangwa.

Kwanza mama anamwambia bintiye kwamba anampa hirizi aifunge kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani akivae shingoni. Hirizi hiyo na kidani hicho ni maneno yake. Mjane mgonjwa hakuwa na pambo zuri zaidi ya hilo la kumwachia mwanawe.

Halafu zinakuja nasaha. Ya kwanza ni dini: ashike faradhi na asiache sunna. Ya pili ni adabu na ulimi. Awe mkweli, awe mchangamfu kwa watu, maneno yake yasiwe na hila, mzaha wake usimuumize mtu, na amheshimu aliyemzidi umri. Sehemu hii ni fupi, lakini mwalimu yeyote wa ushauri nasaha atakwambia kwamba nusu ya kazi yake ni hiyo hiyo.

Kisha linakuja fungu la mume, ambalo ndilo watu wengi wanalolijua na ndilo linalozusha maneno. Mama anamtaka bintiye apate radhi za watano: Mwenyezi Mungu, Mtume wake, baba, mama na mume. Anamwelekeza namna ya kumtunza mume, asimwamshe akilala, ampepee, ampambe, asitoke bila ya ruhusa yake. Wengine miongoni mwetu wanaposoma hapo hufurahi, na wengine hukasirika. Binti zetu walioko vyuo vikuu wamekwisha kutuambia waziwazi kwamba hawauafiki wasia huu. Wataalamu nao wamegawanyika. Wapo wanaosema ni mafunzo ya utii tu, na wapo wanaosikia sauti ya mwanamke mwerevu anayemfundisha mwanawe jinsi ya kuitawala nyumba bila ya kuonekana akitawala.

Sisi si wataalamu wa fasihi. Tunasema mawili tu. Kwanza, katika fungu hilo hilo mama anamfananisha mume na mtoto mchanga asiyejua bado kusema, wa kutunzwa na kuangaliwa. Neno hilo halisemwi na mtu anayemwogopa mume. Pili, anaeleza ndoa yake mwenyewe. Aliishi na baba yao kwa furaha na kicheko bila ya kuvunjiana heshima, na mume alipofikwa na mauti alimkariria kwamba yu radhi naye. Huyo alikuwa mtu wa vita, na mkewe anamtaja kwa kicheko. Anayetaka kubishana na wasia huu na abishane nao, lakini ajue kwamba anabishana na mama anayetoa ushahidi wa maisha yake.

Hatuna budi kutaja na lingine. Utendi unamwambia binti asichanganyike na watumwa ila kwa shughuli za kazi. Nyumba kubwa za visiwa vyetu zilikuwa na watumwa, na fikra za nyumba hizo zimo katika wasia. Hatutaki kuficha. Wako ndani ya chama chetu watu wa nasaba zote, na wote ni wana wa kisiwa kwa haki moja. Tunapomheshimu Bi Mwana Kupona hatuichukui kila fikra ya zama zake.

Baada ya nasaha utendi unageuka kuwa dua. Ni dua ndefu, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu yenye uchungu kuliko zote. Mama anawakabidhi watoto wake na ndugu zake kwa Mwenyezi Mungu, kwa kuwa anajua hatakuwapo kuwaangalia. Anaomba afya. Anaomba msamaha.

Mwisho kabisa anafanya mambo mawili. Anawaambia wanawake wote wausome utendi huu na kuelewa maana yake. Yaani wasia aliomtungia binti mmoja anawafungulia mabinti wote. Halafu anaandika hesabu ya beti na mwaka wa kutunga. Sisi tuliosomea uhasibu tunalipenda sana jambo hilo la pili. Aliifunga kazi yake kama daftari linavyofungwa, kwa jumla na tarehe, ili anayekuja nyuma asiongeze wala kupunguza.

Bi Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1860.

Wasia ulivyofika kwetu

Mwana Hashima aliishi maisha marefu. Alikuwa bado hai mwanzoni mwa karne ya 20, naye sasa ni ajuza, na zama za Bwana Mataka zimekuwa hadithi. Hati aliyoambiwa aandike ujanani ilinakiliwa tena na tena. Wanawake wa Lamu na visiwani waliihifadhi nyumbani, wakaighani, wakawasomea wanao. Bibi na somo wakawa na kitabu cha kutegemea wanapomfunda mwari.

Katika miaka iliyotangulia Vita vya Kwanza vya Dunia alikuja pwani yetu Bi Alice Werner, mwanazuoni Mwingereza wa lugha za Kiafrika. Aliuchapisha utendi mwaka 1917. Mwaka 1934 ukatoka tena kama kitabu, kazi yake pamoja na William Hichens, ukiwa na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1971 J. W. T. Allen akautia katika mkusanyo wake wa tendi. Tangu hapo hakuna chuo kinachofundisha fasihi ya Kiswahili kwa kina bila ya kumtaja mwanamke huyu wa Pate. Waliofika Ulaya na Marekani kwa masomo wametuhadithia jinsi walivyokutana na jina la nyumbani kwao katika maktaba za ugenini.

Tukiyatazama maisha haya kwa jumla, hili ndilo tunaloliona. Pwani yetu haikukosa mama wenye hekima. Kila mji ulikuwa nao, na kila mmoja wenu ana bibi aliyemwambia maneno ambayo yangestahili kuandikwa. Maneno hayo yameondoka na wenyewe, tumeyazika pamoja nao. Ya Bi Mwana Kupona yamebaki kwa sababu moja iliyo wazi: alipomwita binti yake aje na wino na karatasi, binti alikuwa anajua la kufanya navyo. Nasaha inahitaji mshauri, na inahitaji pia msichana aliyesomeshwa wa kuipokea.

Deni letu

Leo msichana wa kisiwani anayetaka kufika sekondari ana safari ndefu kuliko kijana wa mjini. Nyote mnaijua. Akipangiwa shule ya bara, anahitaji nauli ya boti kutoka Mtangawanda na kungojea maji yajae ndipo chombo kipite Mkanda, kisha gari kutoka Mokowe. Kuna karo, sare, godoro na sanduku. Mzazi mvuvi ambaye pepo za kusi zimemzuia kwenda baharini anapiga hesabu, na hesabu ikikataa, anayebaki nyumbani mara nyingi ni mtoto wa kike. Hatumlaumu mzazi huyo. Tumekaa naye, tumeiona hesabu yake, na haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni fedha.

Na yule anayefika shuleni anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Msichana wa miaka 14 aliye mbali na mama yake ana mambo hawezi kumwambia mwalimu wa hesabu. Zamani alikuwapo bibi, alikuwapo somo. Siku hizi jukumu hilo limewekwa juu ya mwalimu wa ushauri nasaha, na mwalimu huyo mara nyingi ni mtu mmoja mwenye vipindi vingi, asiye na chumba wala muda. Tumewaona wasichana hodari wakiacha masomo kwa jambo ambalo nusu saa ya kusikilizwa na mtu mzima mwenye huruma ingelitatua.

Kwa hiyo mfuko wa elimu wa mwaka huu utafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kusaidia karo na nauli za wasichana wa kisiwani waliopata nafasi za sekondari na ambao wazazi wao hawana uwezo. Ya pili ni kuwakutanisha wasichana hao, kila likizo, na wanawake wa kwetu waliosoma: wauguzi, walimu, mawakili, wafanyabiashara. Watakaa nao waongee bila ya haraka. Wanawake hao hawataki malipo, wanataka nauli tu. Tunawaomba pia mabibi waliobaki nyumbani waje, maana wanayo ambayo hayamo katika digrii zetu. Na kila msichana tutamtaka aje na daftari na kalamu, ayaandike anayoambiwa.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki. Hesabu za mwaka uliopita, zilizokaguliwa, ziko mwishoni. Tunawaomba mzisome kabla ya kutoa, ili mtoe mkiwa na imani. Kiasi chochote kinapokewa, na stakabadhi hutolewa kwa kila shilingi. Anayependa kumlipia msichana mmoja kwa mwaka mzima aseme na mweka hazina siku ya harambee, naye ataelezwa gharama kamili bila ya kufichwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwana Kupona, amrehemu binti yake Mwana Hashima, na awarehemu mama na bibi zetu wote waliotupa nasaha zisizoandikwa. Wabillahi tawfiq.